Nani alikuwa wapi? Tathmini ya Among Us baada ya mwaka mmoja wa Jumamosi, Lubumbashi

Kila Jumamosi saa mbili usiku, baada ya bukari, yaani ugali, kuliwa na vyombo kuoshwa, watu kumi wa ukoo wetu hufungua simu zao na kupanda chombo kimoja cha angani. Wanne tuko katika nyumba ya wazazi wetu huko Kampemba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mmoja yuko katika bweni la chuo kikuu kule Kasapa, watatu wako Likasi na wawili Kolwezi. Barabara inayounganisha miji hiyo mitatu ni ileile inayopitisha malori ya shaba na kobalti, na nauli yake hairuhusu familia kubwa kukutana kila wiki. Kwa hiyo mchezo wa Among Us umekuwa, kwa mwaka mzima sasa, ukumbi wetu wa kukutania. Nimeucheza kiasi cha kuweza kuutathmini kwa haki, na ninataka kuutathmini kwa jambo moja ambalo wengi hulipita haraka wanaposifu rangi na vikofia vyake, yaani namna unavyowaketisha watu wajadiliane juu ya nani wa kushukiwa.

Kwa asiyeujua, mambo yako hivi. Wachezaji huanzia wanne na kufikia 15, na kila mmoja ni mwanaanga mdogo mwenye rangi yake. Wengi wao ni wafanyakazi wa chombo, ambao kazi yao ni kuzunguka vyumbani wakiunganisha nyaya, wakijaza mafuta kwenye injini na kumwaga takataka. Mmoja, wawili au watatu ni walaghai, ambao vijana wetu huwaita maimposteri kwa kufuata Kifaransa. Hao hujifanya wanafanya kazi, lakini huua wenzao mmoja baada ya mwingine, hupita ndani ya mifereji ya hewa, na hufanya hujuma kama vile kuzima taa au kuharibu kinu cha nishati. Anayeikuta maiti huripoti, na hapo kila kitu husimama: ramani hufichwa, wote walio hai hukusanyika kikaoni, wanajadiliana, kisha wanapiga kura. Aliyepata kura nyingi hutupwa nje ya chombo. Kura zikilingana, hakuna anayetupwa. Wafanyakazi hushinda wakimaliza kazi zote au wakiwatoa walaghai wote, na walaghai hushinda wanapolingana kwa idadi na wafanyakazi waliobaki.

Mchezo huu ulitolewa Juni 2018 na Innersloth, studio ndogo sana ya Marekani, na ukakaa karibu miaka miwili bila kujulikana, mpaka mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ulipoenea duniani kote. Wazo lake, hata hivyo, ni la zamani zaidi. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Moscow, mwanafunzi wa saikolojia aliyeitwa Dimitry Davidoff alibuni mchezo wa kuzungumza tu, bila vifaa, ambamo kikundi kidogo cha wahalifu wanaojuana kinajificha ndani ya kundi kubwa la raia wasiojuana. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliugeuza ukawa mchezo wa mbwamwitu wanaojificha kijijini, na mwaka 2001 ukatoka kwa Kifaransa ukiwa na kadi, kwa jina la Les Loups-garous de Thiercelieux, ambalo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tunalifahamu.

Kiini cha michezo hii yote ni kimoja: wachache wanajua, wengi hawajui. Mwaka 2008 wanahisabati Mark Braverman, Omid Etesami na Elchanan Mossel walichapisha uchunguzi kuhusu mchezo huo wa Davidoff, wakaonyesha kwamba kundi dogo sana la wahalifu, la ukubwa unaokaribiana na kipeuo cha pili cha idadi ya wachezaji, linatosha kushindana sawasawa na raia wote. Katika familia yetu hesabu hiyo tunaiona kwa macho. Tukiwa kumi na walaghai ni wawili, mfanyakazi anayepiga kura kwa kubahatisha ana nafasi mbili tu kati ya tisa za kumpata mlaghai, na kila anapokosea anapunguza watu wa upande wake mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba mchezo huu ni wa bahati hajakaa kikaoni kwa makini, kwa maana bahati peke yake huwapa ushindi walaghai mara nyingi.

Kinachowapa wafanyakazi nafasi ni ushahidi, na hapa ndipo ninapouheshimu mchezo huu kuliko ule wa kadi. Katika mchezo wa kadi hakuna aliyeona chochote, kwa kuwa wote walifumba macho. Unabaki kuwasoma watu nyuso. Katika Among Us, mtu alikuwa mahali fulani kwa wakati fulani, na mahali pale pana milango, kamera na njia zinazojulikana. Chumba cha umeme katika ramani ya The Skeld kina mlango mmoja tu na hakuna kamera inayoutazama. Mfereji wake wa hewa unakwenda chumba cha matibabu na chumba cha ulinzi, wala hauendi kwingine. Meza ya chumba cha utawala huonyesha idadi ya watu walio katika kila chumba, bila kuonyesha ni akina nani. Kamera za korido huwaka taa nyekundu pale ambapo mtu anazitazama, kwa hiyo hata anayepita chini yake anajua kwamba kuna mtu katika chumba cha ulinzi. Hayo yote ni mambo yanayoweza kuulizwa na kujibiwa, na jibu la mmoja linaweza kupimwa kwa jibu la mwingine.

Nitaeleza kikao kimoja kwa ukamilifu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuupima mchezo huu, na kwa sababu kura yangu ndiyo iliyoamua.

Tulikuwa tumebaki saba, na walaghai wote wawili walikuwa bado hai. Nitamwita kila mmoja kwa rangi yake. Chungwa aliripoti maiti katika chumba cha umeme. Buluu, binamu yetu wa Kolwezi, alianza kusema kabla mtu hajaulizwa. Alisema alitoka kupitisha kadi katika chumba cha utawala, akapanda hadi ukumbi wa chakula, akashika korido ya kushoto, akaingia chumba cha matibabu, na huko alikuwa akingoja sampuli yake iwe tayari mpaka kikao kilipoitwa. Yalikuwa maelezo yenye mpangilio mzuri, na kila chumba alichokitaja kilifuatana na kingine kama kilivyo kwenye ramani. Waridi, binti wa shangazi yetu aliyeko Likasi, alijibu kwa sentensi moja tu, nayo ilikatika katikati kwa sababu ya mtandao: kwamba yeye alikuwa kwenye kamera, na kamera ya korido ya matibabu haikumwonyesha mtu yeyote akitoka ukumbi wa chakula.

Msomaji aitazame sentensi hiyo kwa utulivu ambao sisi hatukuwa nao. Chumba cha matibabu kina mlango mmoja, nao unafunguka katika korido ile inayotazamwa na kamera. Ikiwa Buluu alikuwa ndani na hakupita koridoni, basi aliingia kwa njia nyingine, na njia nyingine iliyopo ni mfereji wa hewa unaotoka chumba cha umeme, mahali palipokuwa na maiti. Sentensi moja ya Waridi ilitosha kumtia hatiani. Lakini Buluu alikuwa mwepesi. Alisema kwamba chumba cha ulinzi nacho kina mfereji unaokwenda chumba cha umeme, kwamba Waridi alikuwa humo peke yake, na kwamba hakuna aliyemwona akitazama kamera hizo anazozitaja. Hilo pia lilikuwa kweli. Tukawa na watu wawili, kila mmoja ameketi juu ya mdomo wa mfereji mmoja, na kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Njano alisema alipopita karibu na chumba cha utawala aliona taa ya kamera ikiwaka nyekundu. Hakuna aliyelishika neno lake. Kijani alisema tu, «Njo yeye, Waridi, njo yeye», yaani ndiye, na maneno hayo mafupi yakaenea kikaoni haraka kuliko hoja yoyote. Mimi niliwasikiliza Buluu na Waridi nikajiuliza swali lisilofaa: ni nani kati yao anayejieleza vizuri zaidi? Nikampigia kura Waridi. Chungwa naye akafanya hivyo. Buluu na Kijani walikuwa wameshapiga. Katika mchezo huu kura ikishapigwa haibadilishwi.

Ndipo mdogo wetu wa mwisho, Nyeusi, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye alikuwa ameketi kitandani kando yangu na hakuwa amesema neno tangu kikao kuanza, aliniambia polepole, akiniita yaya, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa: «Yaya, ile kadi, sisi bote hatuna nayo.»

Alikuwa amesema kweli. Katika kila raundi kuna kazi za pamoja, na kazi ya pamoja hupewa wote au haipewi mtu. Kupitisha kadi ni mojawapo. Katika raundi ile haikuwamo katika orodha ya mtu yeyote, na Buluu aliitaja kwa mazoea ya raundi zilizotangulia. Orodha hiyo nilikuwa nayo mbele ya macho yangu tangu mwanzo, sawa na wengine wote. Waridi alitupwa nje kwa kura nne dhidi ya tatu, na maandishi yakapita kwenye kioo kwamba hakuwa mlaghai. Tukabaki wafanyakazi wanne na walaghai wawili. Taa zikazimwa, wakaua mmoja mmoja kwa wakati mmoja, na raundi ikaisha kabla hatujarudi kikaoni.

Nilimpigia simu Waridi baadaye usiku ule. Hakuwa na kinyongo, lakini aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba alipoona sauti yake inakatika, aliamua kusema jambo moja tu lililo la maana kuliko yote, kisha anyamaze, akidhani kwamba tutalipima.

Tangu hapo tumebadilisha mambo mawili, na ninayaeleza kwa sababu mchezo wenyewe unayaruhusu, na bila kuyagusa hutaonja kilicho bora ndani yake.

La kwanza ni muda. Mwenye chumba, yaani aliyeufungua mchezo, anaweza kuweka muda wa mjadala ambamo kura bado zimefungwa, kisha muda wa kupiga kura. Wengi huuacha muda wa kwanza ukiwa mfupi sana, hivi kwamba kura hufunguka wakati watu hawajamaliza hata kuuliza maiti ilikuwa wapi. Sisi tumeweka sekunde 60 za mjadala na 180 za kura. Zinaonekana nyingi kwa vijana wanaopenda kasi, lakini nimehesabu: watu saba wakipewa sekunde nane kila mmoja kusema alikuwa wapi na alimwona nani, sekunde 56 zimekwisha. Dakika hiyo moja ni ya kuzungukia watu wote, na hakuna anayeruhusiwa kumtaja mshukiwa mpaka wa mwisho amesema. Baada ya kuweka utaratibu huo, maneno ya «njo yeye» yamepungua sana, kwa sababu mwenye kuyasema mapema anajulikana kuwa ameruka zamu.

La pili ni uwazi wa kura. Mchezo unaruhusu kura ziwe za siri, na wapo wanaopenda hivyo kwa sababu raundi inakuwa ngumu. Mimi nimeamini kwamba kura za wazi ndizo ushahidi bora kuliko hata kamera. Maneno mtu anaweza kuyapamba, lakini kura yake inabaki. Katika kikao kile, kama kungekuwa na kikao kingine, yeyote angeona kwamba Kijani alipiga kura mapema mno dhidi ya mtu aliyethibitika kuwa mwema, na kwamba hakutoa sababu yoyote. Mlaghai wa pili mara nyingi hapatikani kwa kutafuta maiti zake. Hupatikana kwa kuangalia ni nani aliyemsaidia mlaghai wa kwanza alipobanwa.

Kuhusu sauti na maandishi nina maoni yasiyoyumba. Katika simu za mkononi mchezo hutegemea maandishi, na watoto au wageni wasio na akaunti hupata sentensi zilizotayarishwa tu, ambazo huchaguliwa kutoka orodha. Sentensi hizo zinalinda watoto dhidi ya matusi ya watu wasiowajua, na kwa hilo ninazikubali. Lakini hoja kama ya mdogo wetu, kwamba kazi ya pamoja haikugawiwa, haisemeki kirahisi kwa sentensi za orodha. Zaidi ya hayo, sisi huucheza mchezo huu kwa Kifaransa, na anayesoma Kifaransa polepole huachwa nyuma na mjadala wa kuandikwa, hata kama akili yake ni kali kuliko ya wote. Kwa hiyo tunapiga simu ya pamoja ya WhatsApp na kuzungumza Kiswahili chetu. Masharti ni mawili: wakati wa kazi kila mtu anazima kipaza sauti, na aliyekufa haongei mpaka raundi iishe. Sharti hilo la pili ndilo gumu zaidi. Shangazi yetu wa Likasi alipouawa mara ya kwanza alishtuka kwa sauti, na chombo kizima kikajua.

Jambo linalonigusa zaidi ni hukumu juu ya mtu anyamazaye. Karibu kila mahali unapochezwa mchezo huu utasikia kwamba fulani amenyamaza, kwa hiyo ndiye. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika meza ya kadi huenda msemo huo una nafasi yake. Katika hali zetu za Katanga haufai kuwa ushahidi. Mtu hunyamaza kwa sababu mega zake, yaani kifurushi chake cha intaneti, zinakaribia kwisha, kwa sababu umeme umekatwa mtaani na mnara wa simu umedhoofika, kwa sababu mvua ya Januari inapiga mabati na hasikii kitu, au kwa sababu simu yake ni ya zamani na imekwama. Vivyo hivyo, mchezaji anayesimama mahali pamoja bila kusogea anaweza kuonekana kama anayejifanya anafanya kazi, kumbe ni mtandao. Sasa tunamwuliza anyamazaye kwa rangi yake, tunamngoja, na kama hasikiki tunairuka kura. Kuruka kura kuna gharama yake, hasa tunapobaki wachache. Tukiwa watano na walaghai wawili, kura moja mbaya inamaliza mchezo papo hapo, lakini hata kutopiga kura kunampa mlaghai mwanya wa kuua mara moja tu na kushinda. Hapo hakuna kimbilio isipokuwa kusikiliza vizuri.

Nina sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katika nchi yetu kumtuhumu mtu kwamba ana uovu uliofichika si mchezo. Tumewaona watoto wakiitwa wachawi, wakafukuzwa nyumbani, kwa sababu tu walikuwa wakimya, au walikojoa kitandani, au mzazi mmoja alikufa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza tuhuma hizo, lakini sheria haiingii kila chumba. Mama yetu alikataa kabisa tusicheze ule mchezo wa kijiji wenye mchawi na mbwamwitu, na nilimwelewa. Among Us aliukubali baada ya kukaa nasi raundi tatu akisikiliza, na alitoa sharti moja, ambalo tumelishika: tuhuma imwendee rangi, isimwendee mtu, na iwe juu ya mahali na wakati, isiwe juu ya tabia. Mtoto haruhusiwi kusema «wewe ni mwongo tangu zamani». Anasema «Kijani hakuwa ghalani, nilikuwa ghalani mimi».

Sharti hilo limeleta faida ambayo sikuitarajia. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa wake kwamba anadanganya, na ni vema iwe hivyo mezani na barabarani. Lakini katika mjadala wa aina hii heshima hiyo ingewapa wakubwa ushindi kila Jumamosi. Rangi zimemfungulia mdogo wetu njia ya kusema bila kumvunjia mtu heshima. Akisema kwamba Buluu hakupitisha kadi, anazungumza juu ya kadi. Yaya anabaki yaya, na binamu anabaki binamu.

Yapo ambayo siyasifu. Vyumba vya hadhara, ambamo mtu hujiunga na wageni kutoka popote, havina mjadala wa kuitwa mjadala: mtu anatupwa nje katika sekunde chache kwa neno moja la «sus», yaani anashukiwa, na aliyeuawa kwanza huondoka badala ya kumaliza kazi zake kama mzimu, jambo ambalo linawadhoofisha wafanyakazi wenzake. Siwashauri watoto wacheze huko. Aidha, mtu anapokatika mtandaoni mchezo humtoa, na kwa kundi la watu kutoka miji mitatu yenye mtandao usiotulia hilo huharibu raundi nyingi. Tumezoea kuanza upya bila kulaumiana. Majukumu yaliyoongezwa mwaka 2021, kama mhandisi anayeruhusiwa kupita mifereji ya hewa, na mlaghai anayeweza kuvaa sura ya mwingine, yanaongeza raha kwa waliobobea, lakini yanadhoofisha ushahidi wa macho. Ukimwona mtu akitoka mferejini huwezi tena kusema kwa hakika kwamba ni mlaghai. Sisi tumeyazima. Ramani nyingine, kama Polus na The Airship, ni nzuri, ila tunarudi The Skeld kwa sababu hata shangazi anaijua milango yake kwa kichwa.

Kuhusu gharama, katika simu mchezo unapatikana bila malipo, ukiwa na matangazo, na mavazi ya kununua ambayo hayampi mtu nguvu yoyote kikaoni. Hilo ni jambo la haki na ninalisifu, kwa kuwa mwenye fedha na asiye nazo wanaketi sawa. Walio katika nyumba moja wanaweza pia kucheza kupitia Wi-Fi ileile bila kwenda kwenye seva za mbali, nasi hufanya hivyo mwisho wa mwezi mega zinapoadimika, wanne wa Kampemba peke yetu, mlaghai akiwa mmoja. Wanne ni wachache mno: kosa moja tu linatosha. Kwa familia inayoanza ningependekeza watu saba au wanane na mlaghai mmoja, kazi chache, kura za wazi, na dakika kamili ya mjadala, kabla ya kuongeza mlaghai wa pili.

Jumamosi iliyopita mdogo wetu alikuwa mlaghai. Aliua katika chumba cha uongozaji, akarudi hadi ukumbi wa chakula, na alipofikiwa na zamu yake alieleza njia yake kwa sekunde nane, chumba kwa chumba, bila kutaja kazi yoyote asiyokuwa nayo. Waridi, ambaye mtandao wake ulikuwa mzuri siku hiyo, alimngoja amalize. Kisha akamwuliza ni nani aliyepishana naye katika korido ya chumba cha silaha. Kulikuwa na kimya kidogo. «Hakuna mutu», akasema. Njano akafungua kipaza sauti chake na kusema kwamba yeye alikuwa amesimama pale wakati wote.